Mzazi wa Alhamisi

Mtaani kwetu Nyakabanda, mwanaume akichoka alikwenda kunywa chai. Mwanamke akichoka alizaa. Najua inasikika kama mzaha, na mzaha umo, lakini nipeni nafasi nieleze. Mwanamke wa kwetu alikuwa na mapumziko ya aina moja tu yaliyokubaliwa na watu wote, nayo ni arobaini. Ukishajifungua, unalazwa. Hushiki ufagio, huchoti maji, huinami jikoni. Majirani wanagawana kazi zako bila kuombwa: huyu anafua, yule anapika, mwingine anawagombeza wanao kwa niaba yako. Asubuhi, mchana na jioni unaletewa uji wa pilipili manga, tangawizi na samli, ndani ya bakuli lenye mfuniko lililofungwa kwa kanga, nawe unakunywa umeegemea mito huku watu wakikuuliza kama umekolea. Siku zikiisha unaamka, na hakuna atakayekuuliza tena kama umechoka mpaka uzae mwingine.

Kupika ule uji ilikuwa kazi yangu. Babu mzaa baba alitoka Ujiji na mizigo ya vitambaa, akaoa Kigali, akabaki, akatuachia Kiswahili, ubishi na namna ya kuunga uji wa mzazi. Wanawake wengine walitia pilipili kwa kukisia. Mimi nilitia kwa pua. Niliikaanga kwanza bila mafuta, nikaitwanga, nikaimwaga uji ukiwa unatokota, na harufu ikipanda tu, mtaa mzima ulijua kuna mzazi. Hapakuwa na haja ya kumtuma mtu kutangaza. Harufu ile ilivuka kuta, ikafika kwa muuza nyama pale kwenye kona, naye alimwambia kila aliyekuja kununua utumbo. Nyumba iliyonukia pilipili manga ilikuwa na mtoto mchanga, na kama hukusikia kilio chake, shauri ya masikio yako.

Mimi sikuwa na mtoto. Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa, nimewapikia uji wanawake wa pande zote nne za nyumba yangu, wengine zaidi ya mara moja, lakini bakuli lile lilikuwa halijawahi kuingia mlangoni kwangu. Nalisema mapema, msije mkadhani haya ni mambo ya uji peke yake.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka, kando ya barabara. Yeye alikata na kushona. Mimi nilitia vifungo, nikapiga pindo, nikanyoosha kwa pasi ya mkaa, halafu nikarudi nyumbani kuanza kazi. Miaka ile vita vilikuwa kaskazini, na mjini kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, kwa hiyo siku ilikuwa imekatwa mkia. Wateja wote walitaka nguo zao jua likiwa bado juu, na mke wa fundi alitakiwa awe na mikono minne. Yaliyoifika Kigali baadaye yanajulikana, na siyaandiki hapa. Hapa naandika juu ya kulala mchana.

Mume wangu yeye alijua kupumzika. Alikuwa na kipaji. Alisema cherehani ikishona sana inapata joto, lazima iachwe ipoe, na wakati inapoa alivuka barabara hadi kwa muuza chai, akakaa mbele ya ubao wa igisoro, lile bao la kwetu, akahamisha kete na fundi viatu mpaka mmoja wao anune. Nikimuuliza, alisema anapumzisha macho. Hapakuwa na macho yaliyopumzika kama yale Nyakabanda nzima.

Mama yake aliishi vilimani, upande wa Gitarama, akilima maharage na mtama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, na kila alipotutembelea alilitazama kwanza tumbo langu, kisha uso. Mara ya mwisho, nikiwa jikoni, nilimsikia uani akimwambia mwanawe kwamba kule kwao kuna binti mmoja, ana nguvu, anatoka nyumba inayozaa. Nikaacha kukoroga ili nisikie mume wangu atajibu nini. Akakohoa. Akasema, "Tutaona, Mama."

Tutaona! Nilimpikia mume wangu mchuzi bila chumvi mpaka akauliza kama chumvi imeadimika kwa sababu ya vita. Nikamjibu tutaona. Lakini ujeuri wangu uliishia kwenye sufuria. Moyoni nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba safari ijayo mama mkwe angekuja ameongozana na yule binti, nami ningekuwa wa kuwapikia chakula cha kuwakaribisha.

Sasa, jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa muuza sambusa, mwanamke mnene, mkarimu, mwenye sauti iliyowatosha yeye na mumewe. Alipojifungua mtoto wake wa sita nilimpelekea uji kama ilivyo ada. Siku moja tulikuwa watatu chumbani kwake: yeye kitandani, mimi na bakuli langu, na mke wa yule muuza nyama, ambaye mdomo wake haukuijua sikukuu. Muuza sambusa akajinyoosha, akapiga miayo mpaka nikaona magego, akasema:

"Mimi nikitaka kulala, nazaa. Muganga alisema nipumzike. Nikaambia bwana yangu, akasema basi tuzae."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Na mimi huku nacheka, namimina uji, nikasema, "Na mimi je, nitalala lini?"

Nilikusudia uwe utani. Haukutoka hivyo. Kicheko kilikatika. Mke wa muuza nyama akaanza kutazama kucha zake, na mimi nikaendelea kumimina mpaka uji ukafurika kwenye kisahani na kunidondokea vidoleni. Uliniunguza, na nilishukuru kupata sababu ya kukunja uso.

Muuza sambusa akasema, kwa sauti ile ile ya kuitia wateja, "Arobaini yangu ikiisha, Alhamisi mutu moja analala. Kila Alhamisi. Adhuhuri mpaka alasiri. Tunamupikia uji, tunamufungia pazia, hashike kitu. Anakuwa muzazi."

"Mzazi wa nini?" nikauliza.

"Wa Alhamisi," akasema. "Usinichokeshe, mimi niko kitandani."

Ndivyo tulivyoanza. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kupumzika ni kazi, tena inataka mafunzo. Muuza sambusa alilala wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyetunga sheria. Kabla hajapata joto la shuka alikurupuka akidai mafuta yanaungua. Tukamrudisha. Akalala tena, akaanza kutoa amri kupitia ukutani: unga uongezwe maji, kitunguu kikatwe kidogo zaidi, huyo mteja asikopeshwe. Tulimrudisha kitandani mara nyingi kuliko nilizoweza kuzikumbuka, na adhana ya alasiri ilipolia alikuwa hoi kuliko siku za mfungo. Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya mke wa muuza nyama. Yeye alilala vizuri sana, ila aliongea. Aliongea amefumba macho. Tulipomwambia mzazi hasemi, alisema huko ni kunong'ona.

Pole pole tukaijua kazi. Zamu zilikwenda zikirudi, na wanawake wakaanza kulala kweli, wengine mpaka wakakoroma. Tulifunga milango na mapazia, kwa sababu mwanamke mzima asiye na homa akionekana kalala mchana ataitwa mgonjwa au mvivu, na yote mawili yanamfikia mume kabla ya jua kuzama. Harufu ya uji haikutupa shida. Nyumba zile zilikuwa na watoto wachanga karibu kila wakati, na aliyenusa pilipili alijua inatoka kwa nani na akaendelea na safari yake.

Mume wangu alinusa jambo. "Nasikia munalala," akaniambia. "Hiyo iko kazi gani?"

"Ni ile unayofanya wewe kwenye igisoro," nikamjibu. "Sisi tumeongeza kufumba macho tu."

Alhamisi zote hizo nilipika mimi. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na sare za shule za kutia vifungo. Ilipofika tena, kichwa kiliniuma, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa sababu ya kulala. Mara nyingine nikasema pilipili imekwisha. Ukweli ni kwamba niliona haya. Uji ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Kulala kwa muuza sambusa kulikuwa mchezo, kwa kuwa alishalala kweli mara sita. Mimi nikilala, ingeonekana najifanya.

Basi wakanivamia. Alhamisi moja nilirudi kutoka barazani nikiwa na pasi mkononi, nikakuta pazia langu limeshafungwa, kitanda kimetandikwa shuka safi ya muuza sambusa, na jikoni kwangu kunatokota. Waliichukua pasi. Wakanivua viatu. Muuza sambusa akanikalisha kitandani kama anaweka kilo ya unga kwenye mizani, akanifunika kanga mpaka kidevuni, akaniwekea bakuli mapajani, akasimama mikono kiunoni kuhakikisha nakunywa.

Nikanywa. Pilipili ilikuwa imezidi, tangawizi haikupondwa vizuri, na samli ilielea juu kama mafuta ya taa. Ulikuwa uji mbaya kuliko wote niliowahi kuuonja Kigali. Machozi yakanitoka. Nikasingizia pilipili, nao wakakubali kwamba ni pilipili. Mke wa muuza nyama akanipangusa uso kwa pindo la kanga yake na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema neno.

Nililala. Nilisikia mtu anafagia uani kwangu na mtu huyo hakuwa mimi. Sijui kama nimewahi kusikia sauti tamu kuliko ile.

Lakini harufu haijui kwamba ni mchezo. Uji ule wenye pilipili ya kumwaga ulitoka dirishani kwangu, ukavuka kuta, ukashuka hadi kwenye kona. Muuza nyama akainua pua. Akageuka huku, akageuka kule, akafuata upepo, akapigwa na butwaa: inatoka kwa fundi cherehani!

Msiwacheke haraka watu wa mtaa wetu. Kwetu mimba iliyochelewa haitajwi. Mwanamke aliyeisubiri kwa muda mrefu huivalia nguo pana, hukaa ndani, na majirani wenye adabu hujifanya hawaoni, jicho baya lisije likaigusa. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza mbona hakuliona tumbo langu. Kutoliona tumbo ndiyo ilikuwa dalili. Wapo walioapa kwamba walijua tangu zamani, ila walinyamaza kwa heshima.

Mume wangu alikuwa kwenye igisoro, hana hili wala lile, kete mkononi, fundi viatu alipompiga makofi mgongoni. "Mwonkwe!" akamwambia, ndiyo hongera yetu kwa waliopata mtoto. "Mwonkwe, fundi! Ulikuwa unaficha!"

"Kuficha nini?" akasema mume wangu. "Mimi sina mutoto."

Wote wakakonyezana. Baba wa mtoto aliyesubiriwa hukana hivyo hivyo siku za kwanza, ili asimtangaze mapema. Akakana tena, wakamsifu kwa busara. Akakasirika, wakasema huyo ni baba kweli. Muuza chai akakataa kupokea malipo yake.

Alikuja nyumbani mbio. Wenzangu walikuwa wameshaondoka, nami nilikuwa bado kitandani, nimeona aibu kuamka. Akasimama mlangoni anahema, akalitazama tumbo langu, akatazama nyuma ya pazia, na nadhani alitazama hata chini ya kitanda. "Mke wangu," akasema kwa upole, "kuna kitu ilitokea hapa leo?"

Nilitaka kucheka. Kisha nikauona uso wake. Alikuwa ametumaini. Mtu mzima, anayelala nami kitanda kimoja, anayejua mambo yote ya kujuliwa, alikuwa ameupanda mlima wote kutoka barabarani akikimbia na tumaini. Sikujua kwamba naye alikuwa nalo. Nikamweleza. Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaivaa tena. "Uji unanukia kweli," akasema.

Kesho yake Ijumaa alipongezwa msikitini, akakana, akapongezwa zaidi. Nyumbani nikaletewa sabuni, sukari na kofia ndogo ya sufu. Muuza sambusa alisimama uani akitangaza kwa sauti yake yote kwamba hakuna mtoto, ni wanawake walikuwa wanapumzika. Watu walimsikiliza kwa makini, wakaondoka wakisema hata majirani wamefundishwa kuficha.

Huenda yangeisha hivyo, maana mtoto asiyekuwepo hawezi kudumu. Lakini dereva mmoja wa kamyoneti, gari dogo la kubebea kabichi, alinunua nyama pale kwenye kona, na njia yake ilikuwa ya Gitarama. Habari ilipanda naye mbele. Ilipofika kule vilimani ilikuwa ni mtoto wa kiume, mzito, ana nywele nyingi na amefanana na babu yake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nasugua sufuria kwa majivu. Muuza sambusa akaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, mikono imejaa unga. "Mama mukwe wako anapanda njia," akasema. "Iko na kikapu kichwani. Iko na ingobyi."

Ingobyi ni ile ngozi ya kondoo ya kumbebea mtoto mgongoni. Sijui muuza sambusa alifikiri nini. Nadhani hakufikiri. Alinishika mkono wenye majivu, akaniburuta chumbani, akanisukuma kitandani, akanifunika. "Lala!" akasema. "Tupate nafasi ya kufikiri!" Halafu akakimbilia jikoni, akafanya kitu pekee alichojua kufanya mahali penye mzazi. Akabandika uji.

Mume wangu alikuwa barazani kwake. Alimwona mama yake akipita ng'ambo ya barabara na kikapu, na baadaye alikiri kwamba aliinama chini ya cherehani kuokota sindano, akaitafuta muda mrefu sana.

Nikasikia kikapu kinatuliwa uani. Nikasikia maji. Mama mkwe alikuwa ananawa. Alinawa mikono, akanawa mpaka kwenye viwiko, kisha kukawa kimya, na nilielewa kwamba alikuwa anasugua viganja ili vipate joto. Ndipo akaingia, mrefu hata akainama mlangoni. Hakulitazama tumbo langu. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, alitazama uso wangu kwanza.

"Mwonkwe, mukazana wanjye," akasema. Mkwe wangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Ingobyi ilikuwa begani kwake, imechakaa, imekuwa laini kama kitambaa. Mume wangu alibebwa kwa ngozi hiyo. Akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe mutoto. Mikono iko safi."

Muuza sambusa alikuwa ametokea nyuma yake na mwiko. "Mutoto, Mama," akaanza, "mutoto iko..." Akatazama dari.

Nikakaa kitandani. Mikono yangu ilikuwa bado na majivu. "Hakuna mtoto, Mama," nikasema.

Mikono yake haikushuka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Alikufa?"

"Hapana, Mama. Hakuwepo. Nilikuwa nimechoka. Wakanilaza, wakanipikia uji. Watu wakanusa uji, wakasema nimezaa."

Hapo ndipo nilipoona nimekwisha. Nilimwona yule binti wa kilimani anaingia mlangoni na nguvu zake zote. Nilikuwa na hasira pia, hasira ya kijinga, kwamba nafukuzwa kwa sababu ya uji mbaya ambao hata sikuupika mimi.

Mama mkwe alishusha mikono. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, akaikunja ingobyi magotini. Kutoka jikoni harufu ilikuwa inapanda.

"Uji ya muzazi," akasema. "Unakunywa bila kuzaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi," akasema, "nilizaa bila kukunywa."

Yeye aliendelea kuitazama ile ngozi. Alisema kwamba baada ya mume wangu kulikuwa na mwingine, msichana. Alizaliwa asubuhi, jioni hakuwepo. Wanawake wa kilima walikuwa njiani wanaleta uji. Walipofika kwenye uzio wakaambiwa, wakasimama, wakarudi na chungu chao. Hawakuwa na ubaya, alisema. Uji ni wa kuleta maziwa, na hakukuwa na wa kunyonya. Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha na maharage hayakuwa yamepandwa.

"Nilichukua jembe," akasema. "Hakuna mutu aliniambia rara."

Rara ndiyo lala yake. Ulimi wa vilimani haukupatana na herufi ile kila mara. Kisha akavua kandambili zake, akazipanga vizuri chini ya kitanda, akanigeukia na uso ule ule mkavu.

"Sogea," akasema.

Nikasogea hadi ukutani. Akajilaza kwa shida, kama mtu anayepanda kitu kirefu, akanyooka chali mikono imebana ubavuni. Akaitandaza ingobyi juu ya miguu yetu, yake na yangu. Muuza sambusa akaamka kutoka kwenye butwaa, akakimbia, akarudi na mabakuli mawili. Mama mkwe akanywa, akakunja uso.

"Pilipili mingi."

"Ni yeye alipika, Mama," nikasema, nikimwonyesha mhusika. "Wangu ni mzuri."

"Basi siku ingine pika wewe." Akamaliza bakuli lote, akalipangusa kwa kidole. Akalala tena chali. Baada ya muda akauliza, "Sasa tunafanya nini?"

"Hatufanyi kitu, Mama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alasiri."

"Ayiwee," akasema. "Muko na kazi ngumu huku mjini."

Lakini aliiweza haraka kuliko sisi sote. Hakukurupuka, hakuongea, hakutoa amri. Bakuli lilikuwa halijapoa alipoanza kukoroma, mkono mmoja umeshika ncha ya ile ngozi. Nililala pembeni yake nikitazama ukuta, nikicheka kimya kimya na kulia kimya kimya, bila kujua kipi kilianza.

Alasiri, baada ya swala, mume wangu aliishiwa sindano za kutafuta. Nikamsikia anakuja kwa hatua za mwizi. Muuza sambusa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, analinda.

"Shii," akamwambia. "Wazazi wamelala."

Mume wangu akachungulia. Akamwona mama yake na mkewe wamepangwa kitanda kimoja chini ya ingobyi yake ya utotoni. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nachungulia kidogo tu. Sijapata kuona mwanaume aliyekosa pa kuweka uso kama yule.

"Mama?" akanong'ona.

Mama mkwe hakufumbua macho. "Ile maneno ya yule binti," akasema, "nilikosea. Iishe. Na wewe usiseme tutaona. Enda kuwasha makara, watu wakule."

Akaenda. Tukamsikia anapambana na jiko. Alikuwa hajui kupanga mkaa wala kupepea, na moshi ukaanza kuingia chumbani, kwanza kidogo, kisha tele, na huko nje kitu kikaanguka, nadhani sufuria yangu niliyoisugua asubuhi. Nikashindwa kuvumilia. Nikaondoa kanga, nikashusha mguu mmoja sakafuni nikamsaidie.

Mkono mkavu ukanishika pindo la gauni.

"Rara," akasema.

Nikarudisha mguu, nikalala.